Fundo la Mtego kwenye Waya za Taa

Clarisse mwanangu,

Nimekaa kwenye meza ya mama yako, pale unapokunjia nguo, na sanduku lako liko mbele yangu limeshafungwa kamba. Ni Jumapili saa tisa, jua bado kali. Wewe na mama yako mmeenda kuaga watu wa parokia, nami nimesema kichwa kinaniuma nibaki. Hakiniumi. Nina hasira, na nataka kuiandika kabla haijapoa, maana nimeshaiacha ipoe mara nyingi, na kila ikipoa narudi kuwa mwongo mwenye adabu nzuri.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa. Sitakuambia usikae ukingoni mwa boti, wala usiache simu juu ya meza ya watu. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, hata kuku wetu wameshayajua. Kesho asubuhi unateremka na mto kwenda Isangi, kushika umeme wa boti za yule mfanyabiashara na pikapu zake mbili, na utalala kwa Tonton Anselme, kaka ya mama yako. Barua hii ni kwa ajili ya nyumba hiyo utakayolala. Kuna jambo kuhusu mguu wa Tonton ambalo lazima ulijue kabla hujaketi kula kwake, na lazima ulisikie kwangu.

Lakini niache kwanza nigombe kidogo, nitafika.

Umefanya kazi nami miaka minne hapa Tshopo, watu umewaona mwenyewe. Mtu taa yake moja ya mbele ikipasuka, hapati usingizi. Taa za nyuma zikifa zote, anakuambia, "Ah, ile haina mubaya, mi iko naona njia." Yeye anaona njia! Na yule anayemfuata nyuma na lori la mchanga, aone nini? Inanichoma mpaka leo. Taa ya nyuma ndiyo kitu pekee kwenye gari ambacho mwenye gari hakitumii hata mara moja, kimewekwa kwa ajili ya mtu asiyemjua, na kwa sababu hiyo hiyo anakidharau. Unamkumbuka yule aliyekunja karatasi ya sigara akaiweka mahali pa fyuzi? Waya zikaanza kutoa moshi naye anatuuliza sisi tumefanya nini. Na yule aliyepiga taa kofi, ikawaka, akapanda gari akicheka, "Imepona!" Nilimkimbilia mpaka barabarani nikimwambia kwamba taa inayowaka kwa kofi itazimika kwa shimo la kwanza. Akanipungia mkono kama ninamuaga.

Na wale waliokuta umelala chini ya gari, bisibisi mkononi, uso umejaa vumbi, wakakuuliza, "Papa iko wapi?" Hao sitawasamehe. Mmoja nilimrudishia ufunguo wake nikamwambia fundi ameshamwona, kama haoni vizuri aende kwa daktari wa macho.

Basi, hao wote nawakasirikia kwa haki. Lakini mimi niliwazidi ubaya. Wao hawakujua walichokuwa wanafanya, na mimi nilijua.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mvuvi wa maporomoko. Ulimfahamu uzeeni, lakini hukumwona akisimama juu ya miti ile iliyopandwa katikati ya maji yanayonguruma, akifunga mitego mikubwa ya samaki kwa kamba za msituni. Kwetu mtoto alijifunza fundo lile kabla ya kujifunza kuandika jina lake. Unazungusha mara tatu, unarudisha chini, unavuta. Uzuri wake uko hapa: kamba ya msituni ikilowa inavimba, na fundo linakaza. Maji yakizidi nguvu, nalo linazidi kushika. Babu alikuwa akiangalia mtego uliofungwa na mtu mwingine na kusema fundo hili la fulani, hili la fulani, kama mtu anayesoma barua. Na wewe alikufundisha, ulipokuwa mdogo, kwa kipande cha kamba ya viatu.

Nilipoacha mto nikaingia garajini kujifunza umeme wa magari, mikono yangu ilikuja na fundo hilo. Wengine walikuwa wakisokota waya mbili kwa vidole na kuzifunga plastiki. Mimi nilizifunga fundo la mtego. Ungevuta na wenzako wawili, halikatiki. Wateja walipenda. Nilijivuna, nikasema sisi watu wa maporomoko tunajua kufunga. Mzee aliyenifundisha kazi alinionya mara mbili niziunge waya kwa risasi ya kuyeyusha, "Petit, hapa piga soudure, halafu ufunike. Hii kitu yako ya samaki acha." Nilicheka. Nilidhani ananionea wivu.

Sasa wewe fundi, cheka kama unataka kucheka. Shaba si kamba ya msituni. Ikilowa haivimbi. Inaota kijani, inajila yenyewe, na kadiri fundo linavyobana ndivyo maji yanavyokaa ndani bila kukauka. Lile fundo lililomlisha baba yangu maisha yake yote lilikuwa fundo baya kuliko yote kwa kazi yangu. Na halikuonekana baya hata kidogo.

Ulikuwa na miaka saba wakati Tonton Anselme alipoleta ile pikapu. Alikuwa dereva wake, si mwenye nayo. Mwenyewe tulimwita Patron tu, mtu wa kusema kwa sauti kubwa. Bati la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu, wakaliondoa, wakaweka boksi ya mbao, na baada ya hapo taa za nyuma zikawa kichaa. Ukikanyaga breki, taa ya kukata kona inawaka. Ukiwasha ya kukata kona, zote zinawaka kidogo na kufifia. Mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha balbu, na balbu hazikuwa na kosa lolote.

Niliipata haraka, na nilijivuna kwa hilo pia. Umeme ukishafika kwenye balbu lazima urudi kwenye batri, na kwenye gari unarudi kupitia chuma chenyewe, hiyo ndiyo masse. Mbao hairudishi kitu. Ukikosa njia ya kurudi unapenya kwenye balbu ya jirani, ndiyo maana taa zilikuwa zinaingiliana. Nikakusanya masse za taa zote za nyuma kwenye waya moja, nikaipeleka kwenye chasi. Waya ikawa fupi. Nikaunga kipande, fundo la mtego, plastiki juu. Nikamwambia Tonton akanyage breki. Zikawaka nyekundu safi, zote. Tonton alishuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Angalia sasa nilivyopima. Gari limesimama, limekauka, boksi haina mtu. Sikuitikisa waya. Sikumwita hata mtu mmoja akae nyuma. Kila Jumamosi Tonton alikuwa akiliosha gari kwenye mto Tshopo, akirudi kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yaingie majini, kama madereva wote. Nilijua. Mara nyingine nilikuwa naye, nikishika ndoo.

Miezi michache baadaye, alasiri ya mvua, alikuwa anarudi kutoka upande wa Kapalata amebeba magunia ya mihogo na wamama wanne juu ya magunia. Mbuzi wakakatiza barabara. Akakanyaga breki. Nyuma yake lori la mbao, dereva haoni nyekundu yoyote, anaona mvua tu, likamgonga. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine waliumia kidogo, tulimshukuru Mungu. Tonton alikuwa ameruka nje kuwasaidia wamama, na lori lilipoisukuma pikapu mara ya pili ikambana mguu. Lile nililiita miaka yote "uzembe wa Anselme." Hata wewe umelisikia hapa nyumbani kwa jina hilo.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye uwanja ambako polisi wa barabarani walikuwa wameliweka gari. Nilisema nataka kuona uharibifu. Nilijilaza chini, nikachana plastiki kwa kisu. Ndani kulikuwa na unga wa kijani na nyuzi mbili tatu tu za shaba zilizobaki, na zenyewe zilikuwa zimeachana. Fundo lilikuwa bado limekaza vizuri sana.

Nilikata kipande kile, Clarisse. Nilikikata pande zote mbili, nikakiweka mfukoni, nikatoka chini ya gari nikipangusa magoti. Patron alikuwa amesimama pale.

"Alors, fundi? Mataa yangu ulitengeneza, ao ulinidanganya?"

"Patron, ilitoka kwangu ikiwaka yote. Hata Anselme aliona."

"Donc ni kosa ya chauffeur, ule Anselme. Hakuangalia mataa mbele ya kutoka."

Alinitazama akingoja, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Kazi ya Tonton iliisha kwa kichwa changu kutikisika hivyo.

Siku ile ile nilikwenda na mama yako hospitali. Tonton alikuwa amelala, mguu umefungwa kwenye mbao. Aliniuliza mimi semeki wake, shemeji yake, bila ubaya, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. "Semeki, ile mataa, ni nini iliipata?"

Na mimi nikamjibu, mbele ya dada yake, "Ulipaswa kuangalia kila asubuhi, Anselme. Mi niliipima."

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, macho juu kwenye dari. Halafu akasema, "Labda ni kweli. Siku ile nilikuwa na haraka, mi hapana kumbuka kama niliangalia. Unisamehe, semeki, nimekuharibia jina."

Ameniomba msamaha! Mtu amevunjika mguu kwa kazi ya mikono yangu, ananiomba msamaha mimi, na waya imo mfukoni mwangu inanichoma paja. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Haizuru." Ninapoliandika neno hili natamani kujipiga kofi. Nilimsamehe! Mama yako alitoka pale akilia kwa aibu ya kaka yake, na njia nzima nikamfariji.

Mguu uliunga vibaya. Hakuna aliyempa usukani tena, si kwa mguu tu, kwa jina. Akahamia Isangi kwa watu wa mke wake, akajifunza kushona nyavu na kuziba mitumbwi, dereva yule. Na kila mwaka, Pasaka ikikaribia, anatutumia kwa boti kikapu cha samaki wa moshi. Miaka yote hiyo nimekula samaki wa Anselme na kulamba vidole.

Baada ya hapo sikufunga tena fundo lile. Nilinunua chuma cha soudure, nikawa mtu wa makini. Napima gari likiwa kavu, kisha namwagia maji, kisha nawaita watu wapande nyuma, navuta waya moja moja. Mtaa mzima ukaanza kuniita Papa Soudure. Wanatoka mbali wanakuja kwangu, "yule hana haraka, yule ana dhamiri." Dhamiri! Jina langu zuri limejengwa juu ya mguu wa mtu mwingine, na nimelivaa kama shati la misa.

Unakumbuka siku nilipokupigia kelele, mwaka wako wa kwanza, kwa ajili ya waya uliyoisokota na kuiacha bila soudure? Ulilia, mama yako akanigombeza. Wewe ulidhani papa ni mkali kazini. Si wewe niliyekuwa nampigia kelele. Kwa hilo nakuomba msamaha, na ni dogo kuliko mengine.

Sasa twende kwenye wiki mbili zilizopita. Lile gari la zamani la mwalimu, taa za nyuma zimekufa. Nilikaa kwenye kigogo nikakutazama ukifanya. Hukugusa balbu kwanza. Ulichukua lampe témoin, ile taa ndogo ya kupimia umeme, ukashikiza kishikio chake kwenye chuma safi cha chasi, ukapima kwenye soketi, ikawaka, ukajua umeme unafika. Ukahamisha kishikio kwenye masse ya taa yenyewe, haikuwaka, ukajua haurudi. Hukuuliza mtu. Ulifuata waya kwa vidole, polepole, macho umefumba nusu, mpaka ukakuta uvimbe chini ya plastiki. Furaha niliyokuwa nayo dakika ile siwezi kuieleza. Halafu ukachana plastiki.

"Papa, ni nani alifunga hii? Iko fundo ya mutego, kama ya babu."

Nikasema, "Mi hapana jua. Mafundi iko mingi."

Uliniangalia. Ukakata, ukasafisha, ukapiga soudure. Mapema mwanzoni mwa kazi yangu nilifunga mafundo mengi, mengine bado yanatembea mjini, na hilo lilikuwa mojawapo. Nafikiri ulijua. Babu yako alikufundisha kusoma mafundo. Nafikiri ulinipa nafasi ya kusema, na mimi nikakudanganya machoni, juu ya kazi ambayo nimekufundisha kutodanganya.

Jana mama yako akakuambia, "Kwa Tonton uwe na heshima, lakini usipande moto yake, pikipiki ile. Unajua vile anaangalia mambo nusu." Ukajibu, "Ndiyo, mama." Nilikuwa pale nafunga kamba ya sanduku hili hili. Nilizidi kukaza kamba. Hapo ndipo hasira hii ilipoanza, na ni hasira nzuri, kwa mara ya kwanza imeelekea kwa mtu anayestahili.

Kile kipande cha waya ninacho. Kiko ndani ya mkebe wa mafuta ya kujipaka, nyuma ya misumari. Asubuhi hii nilikitoa, na unajua mpango wangu ulikuwa upi? Nikiweke kwenye sanduku lako pamoja na barua fupi, "Mpe Tonton," wewe umfungulie, wewe uone uso wake, na mimi niko hapa Tshopo nangoja simu. Nilikwisha kuifungua kamba. Halafu nikajiona, mtu mzima anataka mtoto wake abebe mzigo wake. Nikaifunga tena. Kama utaona fundo la sanduku limebadilika, ndiyo sababu.

Mama yako ameingia, niliacha kalamu. Amesema umebaki kwa rafiki yako unasukwa nywele. Nimemwambia yote, nikiwa nimesimama, na mkebe juu ya meza.

Hakupiga kelele. Alifungua mkebe, akakiweka kipande kile kwenye kiganja, akakigeuza, akakirudisha. Akaenda jikoni, ambako samaki wa Anselme walikuwa wanachemka kwa ajili ya chakula chako cha kuaga. Akawapakua wote kwenye sufuria ndogo, akafunika, akaweka juu kwenye rafu. Akaniambia bila kugeuka, "Hii samaki, weye hautakula. Utakula siku Anselme mwenyewe atakupatia na mukono yake."

Basi ukisoma hii utakuwa umeshaniona jioni nikila lituma tupu, ndizi za kupondwa, na mchuzi wa majani. Sasa unajua kwa nini, na usinihurumie.

Nitaiweka barua hii kwenye kiatu chako, uikute kesho alfajiri kabla hatujashuka bandarini. Nimeshaongea na mwenye boti. Nimeweka mashati mawili kwenye mfuko wa plastiki. Ninakuja Isangi. Kama baada ya kusoma hutaki kusafiri nami boti moja, niambie waziwazi, nitapanda itakayofuata, wala sitalalamika. Lakini nitafika. Na nikifika kwa Tonton usinitangulie kuongea, usilainishe chochote, usiseme papa amehuzunika miaka mingi. Kaa na mke wa Tonton jikoni. Akinifukuza, niache nifukuzwe, wewe ubaki, kwa sababu wewe ni mpwa wake na hujamkosea kitu. Baadaye nitakwenda kwa Patron, kama bado yuko hai, na kwa mama yule wa mkono, nimtafute. Lakini Anselme kwanza.

Ukifungua sanduku huko usitafute ile waya. Chuma cha soudure kiko humo, ni chako sasa. Waya iko mfukoni mwangu.

Papa yako